Nimeitoa Kruza, Nimechukua Pikipiki ya Safari

Ile kruza yangu, pikipiki ndefu ya kukaa miguu mbele, Suzuki Intruder nyeusi ambayo majirani zangu wa Tabata walizoea kuisikia kabla ya kuiona imeshahamia Tanga. Nimebadilishana na kijana mmoja wa huko, nikamwongezea hela juu, naye akaniachia Yamaha FJR1300 ya mwaka 2013, pikipiki ya safari ndefu. Tangu hapo, nikikutana na wenzangu wa pikipiki kubwa kwenye mataa ya Buguruni, swali ni hilo hilo: kaka, imekuwaje? Mgongo? Umri? Taa inageuka kijani kabla sijafika nusu ya jibu, kwa hiyo naliandika lote hapa.

Msimamo wangu ni huu: kwa barabara zetu na umbali wetu, starehe ya pikipiki ndiyo nguvu yake. Ndiyo inayoamua utafika wapi, utafika ukiwa na akili kiasi gani, na utafika na nani. Mambo ya cc na nguvu za farasi yanafuata baadaye.

Intruder niipe haki yake kwanza, maana niliipenda na bado naipenda. Modeli yangu, M1800R, ilitoka mwaka 2006 ikiwa na silinda mbili tu, ujazo wa cc 1,783, na kila pistoni ina upana wa milimita 112. Pistoni za ukubwa huo zikipanda na kushuka chini yako, unazisikia kwenye mifupa. Msukumo wake wote uko chini: kwenye mizunguko 3,200 tu kwa dakika inatoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 160, kwa hiyo kumpita mtu hakuhitaji kushusha gia. Usiku, ukitokea Coco Beach kuelekea daraja la Tanzanite, barabara imetulia na upepo wa bahari unakuja kutoka kushoto, unazungusha mkono kidogo tu na mwili wote unavutwa nyuma. Aliyetengeneza mashine ile alijua anachokifanya. Na tairi la nyuma lenye upana wa milimita 240! Watoto wa mtaani walikuwa wanaacha mpira kuja kulishika.

Tatizo lilianzia nje ya jiji. Mama yangu mzazi yuko Iringa, karibu kilomita 500 kutoka hapa, na mimi naamini mama haendewi kwa simu. Barabara hiyo naijua vizuri: Kimara, Kibaha, Mlandizi, Chalinze, Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, halafu mlima wa Kitonga. Ni barabara ya malori ya Zambia na Kongo, na kila anayeipita kwa magurudumu mawili anajua maana yake. Malori yale yamezama kwenye lami miaka nenda rudi mpaka yameacha mifereji miwili, na kati ya mifereji kuna tuta la lami lililosukumwa juu. Tairi pana na bapa la kruza halikai vizuri pale. Likikanyaga ukingo wa mfereji linataka kuufuata, nawe unalirudisha kwa nguvu za mikono. Kilomita moja si kitu. Ukiyafanya hayo kutoka Mlandizi mpaka Morogoro, mabega yanakuwa yameshamaliza kazi ya siku nzima na safari haijafika nusu.

Halafu matuta na rasta, vile vituta vidogo vinavyofuatana. Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi wakisikia starehe wanafikiria siti laini. Siti ya Intruder ilikuwa laini kabisa. Kasoro iko kwenye mkao. Kwenye kruza miguu iko mbele, mikono imepanuka, na uzito wote wa mwili umekalia mfupa wa mkia. Ukikuta tuta huwezi kusimama, maana hakuna kitu chini ya nyayo zako cha kukuinua. Unalipokea lilivyo, linapanda na uti wa mgongo mpaka shingoni. Kwenye FJR sehemu za kukanyagia ziko chini ya makalio, nyuma kidogo. Ukiliona tuta unabana tanki kwa magoti, unajinyanyua kiasi cha vidole viwili kutoka kwenye siti, magoti yanapiga kazi ya shokapu, mgongo haujui kilichotokea. Kila kijiji kikubwa kati ya Chalinze na Iringa kina matuta yake. Zidisha mwenyewe.

Upepo nao ni hesabu. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo inaongezeka mara nne. Kwenye kilomita 50 kwa saa ni burudani. Kwenye 100 mwili uliokaa wima, kifua wazi, mikono imetanuliwa, unakuwa tanga la jahazi, na kamba zinazolishikilia tanga hilo ni misuli ya mikono yako. Unaning'inia kwenye usukani saa nzima bila kujua kwamba unaning'inia, mpaka unasimama kujaza mafuta na vidole havikunjuki.

Uchovu huo unakuja kudai chake pabaya. Barabara ya Iringa inapita ndani ya hifadhi ya Mikumi kwa takribani kilomita 50, na pale hakuna uzio. Nyani wanakaa kando ya lami wakisubiri ganda la ndizi kutoka kwenye basi. Twiga akiamua kuvuka anavuka. Tembo haombi njia. Pale ndipo unapohitaji macho na akili zote ulizonazo, na pale ndipo nilipokuwa nafika nikiwa nimeshatumia nyingi kupambana na upepo na mifereji ya malori. Sikuwahi kupata ajali Mikumi, namshukuru Mungu. Ila nilikuwa nikitoka upande wa pili nakumbuka vipande tu vya njia, na jambo hilo lilinitisha kuliko mnyama yeyote.

Lililonisukuma hasa, hata hivyo, ni mke wangu.

Tulipooana tulikuwa na pikipiki ndogo ya cc 250, na tulikwenda nayo kila mahali: Bagamoyo kula samaki, Kisarawe kuangalia msitu wa Pugu, Kigamboni mpaka lami inapoishia. Intruder ilipokuja, siti yake ya nyuma ilikuwa kipande kidogo kilichoinama, kiasi kwamba kiwandani wanaitengenezea na kifuniko cha rangi ya pikipiki cha kuweka mahali pake, ionekane ya mtu mmoja. Alijaribu. Alikaa magoti juu, mikono imenizunguka kiuno kwa nguvu, kwa sababu nikikanyaga mafuta hakuwa na kitu kingine cha kumzuia asibaki nyuma. Tulipofika Morogoro alishuka, akasimama kimya kando ya kituo cha mafuta, akaninyooshea helmeti yake. "Mume wangu, mimi namalizia na basi. Tutakutana kwa mama."

Ikawa hivyo kwa miaka. Mimi barabarani, yeye kwenye basi, njia ile ile, milima ile ile. Nikisimama Ruaha Mbuyuni kunywa maji na kuangalia mibuyu ile na mafungu ya vitunguu kando ya barabara, sina wa kumwambia "ona". Wapo wanaosema pikipiki ni ya mtu mmoja na upweke wake ndio utamu wake. Siwapingi, ila mimi sikuumbwa hivyo.

Kabla sijaamua nilisoma sana, na kitu kimoja katika historia ya hizi mashine kilinikaa. Honda Gold Wing, ambayo leo ndiyo baba wa pikipiki za starehe duniani, ilipotoka mwaka 1975 haikuwa na kioo cha kuzuia upepo wala mabegi. Ilikuwa mashine ya nguvu, cc 1,000, silinda nne zilizolala, uchi kabisa. Wenye nazo Marekani ndio walioanza kuzifunga vizuia upepo, hasa vile vya Craig Vetter vilivyoitwa Windjammer, pamoja na mabegi ya pembeni, kwa sababu walikuwa wanasafiri nazo mbali. Honda waliwatazama wateja wao, na mwaka 1980 wakatoa Gold Wing iliyovikwa kila kitu kutoka kiwandani. Upande wa Ujerumani, BMW walikuwa wameshaitoa R100RS mwaka 1976, umbo lake likiwa limepimwa kwenye handaki la upepo, chumba cha kupulizia upepo wa majaribio. Kwa hiyo wanaodhani starehe ni habari ya wazee waliochoka wajue kwamba walioidai ni wasafiri wenyewe, waliokuwa wanakwenda mbali zaidi ya wengine wote.

Gold Wing yenyewe niliitamani, nikaiacha. Ni kubwa mno kwa foleni ya Mandela. FJR ilinivuta kwa sababu kadhaa, na ya kwanza ni tairi. Tairi la 240 la Intruder ni la kuagiza nje, unasubiri meli huku pikipiki imelala ndani. FJR inavaa 120/70 mbele na 180/55 nyuma, zote za inchi 17, saizi ambayo nusu ya pikipiki kubwa za michezo duniani zinaitumia. Hutaikuta kwenye kila duka la Kariakoo, lakini kila anayeleta tairi za pikipiki kubwa anaijua. Pia inaendeshwa na shafti kama Intruder, haina cheni ya kupaka oili kila ukitoka kwenye vumbi. Na ile habari ya nguvu inayowaumiza wenzangu: FJR ina nguvu za farasi 146. Intruder ilikuwa na 125. Tofauti iko mahali nguvu inapokaa. Kwenye Intruder inakusubiri chini. Kwenye FJR inabidi uiruhusu injini ipande, na silinda zake nne zinapanda bila kelele wala mtikisiko. Juu ya hapo ina uzito wa kilo 289 dhidi ya kilo 347 za ile nyingine. Karibu kilo 60 umeziacha nyumbani.

Kubadilishana kwenyewe kulifanyika kwenye gereji ya fundi wangu, Ilala. Kijana aliileta FJR mwenyewe kutoka Tanga, na fundi akaniambia nisimruhusu aiwashe kabla haijapoa kabisa. Tukasubiri, tukanywa chai. Injini hii ina cheni ya ndani inayozungusha vali, na kifaa kinachoikaza cheni hiyo kinaweza kuchoka. Kikichoka, dalili yake unaisikia sekunde za mwanzo tu injini ikiwa baridi, kama kitu kinachotikisika kwenye kopo. Ikishapata moto inanyamaza, na muuzaji mjanja atakupokea ikiwa imeshapata moto. Fundi aliinama, akaweka bisibisi ndefu kwenye ubavu wa injini, mpini wake sikioni, akanipa ishara niwashe. Tulikaa kimya wote watatu. Akatikisa kichwa polepole, akasema, "Hii safi, bosi." Akaangalia oili ya shafti, akainua gurudumu la mbele na kulisukuma huku na huku kusikiliza beringi za shingo, akaangalia kama pedi za breki zimeliwa sawasawa. Kijana naye alikuwa ameshainamia Intruder, anaizungukazunguka, na nilipomwashia alicheka kwa furaha ya kweli. Niliona kabisa kwamba imepata mtu wake. Mkataba tuliuandika kwa wakili, na kadi zote mbili tukazipeleka TRA kubadilisha majina. Msiache hatua hiyo, hata mkiwa ndugu. Pikipiki inayotembea kwa jina lako huku iko kwa mtu mwingine ni mzigo wako.

Wiki za kwanza zilikuwa za kujifunza upya. Siti ya Intruder iko sentimita 70 na ushee kutoka ardhini, nyayo zote zinakanyaga. Ya FJR ina nafasi mbili, 80 na 82, nami nimeiweka ya chini na bado kisigino hakifiki chini vizuri. Kwenye lami hiyo si hoja, lakini mabega ya barabara za Dar ni mchanga, na mguu unaokanyaga mchanga kwa ncha za vidole hauna cha kushikilia. Nimejizoesha kuchagua pa kusimama kabla sijasimama. Joto nalo lipo. Gamba lile linalozuia upepo linazuia hata upepo unaoutaka, na saa nane mchana pale Tabata Relini, foleni haisogei, mapaja yanajua kwamba injini ipo. Kwa atakayekaa mjini tu, wa Posta na Mwenge kila siku, nasema wazi: pikipiki hii haikutengenezwa kwa ajili yake. Mabegi yake ya pembeni nayachomoa siku za kazi, maana nikiwa nayo sipiti katikati ya daladala. Kila moja linameza helmeti nzima, ni mapana kweli.

Madereva wa bodaboda wa kijiwe chetu waliipokea kwa namna yao. "Mzee, hii si ya msafara?" Wamekaribia ukweli kuliko wanavyofikiri: polisi wa Japani wanaitumia FJR1300, nyeupe, kukimbiza wavunja sheria barabara kuu.

Safari ya kwanza ya Iringa na mke wangu ilikuwa mwezi wa sita. Tulitoka alfajiri, Kimara tukaipita kabla magari hayajaamka. Chini ya siti upande wa kushoto kuna mkono mdogo wa chuma wenye nafasi mbili, laini na ngumu. Akipanda abiria unausogeza kwenye ngumu, na shokapu ya nyuma inabeba uzito bila kuzama. Yeye mwenyewe ndiye aliyeusogeza, nilimwonyesha siku iliyotangulia. Siti yake ni pana, ina vishikio pande zote mbili, miguu inakunjika kawaida. Baada ya Kibaha nikabonyeza kitufe kwa kidole gumba, kioo kikapanda, na ule mgurumo wa upepo kwenye helmeti ukashuka mpaka nikamsikia anaimba.

Kwenye vijiji vyenye kibao cha 50 nilikuwa nafunga mwendo. FJR ya mwaka 2013 kwenda mbele inajishikia mwendo yenyewe, kuanzia gia ya tatu, na kwa nchi ambayo tochi ya trafiki ya kupima mwendo inaweza kuwa chini ya mwembe wowote, sijui kifaa chenye faida kuliko hicho. Mkono unapumzika, macho yako barabarani badala ya kwenye mshale. Tanki lake ni lita 25. La Intruder lilikuwa lita 19 na nusu, na ile ilikunywa zaidi. Zamani nilikuwa nahesabu vituo vya mafuta. Siku hiyo tulisimama tulipotaka kusimama, tukala Morogoro bila haraka, tukaingia Mikumi nikiwa mzima kabisa. Tulimwona tembo na mtoto wake mbali kidogo na barabara. Mke wangu ndiye aliyemwona kwanza, akanigonga bega.

Na Kitonga! Nimeipanda Kitonga nikiwa na Intruder nikiomba tu iishe, kwa sababu tairi lile pana halipendi kulala kwenye kona, linataka kunyooka, na ukililazimisha sehemu ya kukanyagia inakwaruza lami. FJR inalala pale unapoitazamisha. Malori yanapanda kwa mwendo wa mguu, moshi umetanda, unasubiri uone mbele, unapita moja, unarudi mahali pako, unasubiri tena. Kona zile zilizokuwa kazi zikawa raha. Juu hewa inabadilika ghafla, baridi ya Iringa inakupokea, nikakipandisha kioo mpaka mwisho. Mama alikuwa mlangoni. Alinisalimia kwa mkono mmoja, "Kamwene," mkono mwingine umeshamkumbatia mkwewe aliyeshuka kwenye pikipiki akitembea wima kama aliyetoka sokoni.

Ninachokikosa ni sauti. Silinda mbili zile zilikuwa na mdundo unaokufanya utake kuwasha bila sababu, Jumamosi asubuhi, ukiwa na kikombe cha chai mkononi. FJR inalia vizuri, kiungwana, lakini haisemi na kifua. Watoto wa mtaa nao hawaachi mpira tena. Hayo ni ya kweli na yananigusa, na mtu ambaye pikipiki yake ni ya Jumapili, kutoka Mbezi mpaka Masaki na kurudi, sina sababu ya kumshawishi aiuze kruza yake.

Ila kama una wa kumtembelea mbali, nenda kaijaribu pikipiki ya safari ukiwa na mwenzako nyuma, na msiishie kuzunguka mtaa. Nendeni Chalinze na kurudi, mwombe muuzaji ruhusa hiyo hata ikibidi umwachie kadi ya ile yako. Sisi mwezi wa saba, Mungu akipenda, tunapita Iringa kumwona mama, halafu Makambako, tunakata kushoto kwenda Njombe na Songea, na kama lami ya Mbinga iko vizuri tunateremka mpaka Mbamba Bay kuliona Ziwa Nyasa. Tairi la nyuma nimeshaliagiza. Mke wangu ameshanunua glavu za baridi, jozi mbili, maana Njombe mwezi huo haina utani.